Misumari ya Mkono wa Kushoto

Mimi nikitaka kujua jambo sipati usingizi, na mwaka 1995 jambo lenyewe lilikuwa mashua. Tangazo lilibandikwa gatini Nansio, kisiwani kwetu: bandari ndogo ya jeshi kule Mwanza inafungwa, vyombo chakavu vitauzwa kwa mnada, kuna mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha minofu ya samaki. Nilimsomea babu yangu Luhaga, fundi mashua. Akaanza kuvaa viatu kabla sijamaliza.

Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, jeshi lilikusanya vyombo vya raia kubebea askari na chakula. Mashua ya ushirika wetu, kazi ya babu mwenyewe, ilikwenda na nahodha wake, mwanawe Paulo, baba yangu. Vita vikaisha, mashua haikurudi, wala baba. Watu wakasema ameiuza Kenya. Tangu hapo ushirika haukumpa babu kazi hata ya kuchonga kasia, nami shuleni nikawa binti wa mwizi. Nilipigana sana shuleni.

Kule Mwanza mlinzi wa bandari, mzee Shimba, alitutembeza.

"Nguzo hizi ni za Mjerumani," alisema. "Pale juu Mwingereza alisimika mzinga wake. Kisha tukaja sisi na vita vyetu."

"Na pete hii ya chuma?"

"Ya kufungia meli."

"Meli ya nani? Ulilenga wapi ule mzinga?"

"Mzee, mjukuu wako amesomea upolisi?"

"Hajasomea," babu akamjibu. "Kazaliwa hivyo."

Mashua zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, zote za kijivu, zina namba tu. Babu alipita akipapasa maungio ya mbao. Kwenye ya saba akasimama.

"Hii ni yangu."

Nilisikia machozi yakinitoka. Kumbe ilikuwa jeshini muda wote. Baba hakuiba kitu.

Ubavuni mwake kulikuwa na kiraka cha bati la kopo la mafuta, kimeziba matundu ya risasi. Nikamwuliza babu nani alikiweka. Akapitisha vidole juu ya misumari iliyokunjwa kwa ndani.

"Paulo. Anatumia kushoto, misumari yake yote hulala upande huu. Nilimchapa sana aache."

Alikuwa anacheka. Na mimi siwezi kuona maandishi nikayaacha, basi nikainama. Bati lilikuwa na muhuri wa kiwandani, na mwaka: 1982. Vita viliisha 1979. Macho ya babu hayaoni tena herufi ndogo, ikabidi nimsomee.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Baba alikuwa hapo, mzima, miaka mitatu baada ya vita, na meli za Nansio zilikuwa zinaondoka Mwanza kama kawaida; angetaka kurudi angerudi. Tukapanda meli ya kurudi nyumbani.

Mama yangu, Dorcas, tulimkuta uani akipepeta mchele.

"Mmeikuta?"

"Tumeikuta. Baba hakuiba."

Akaendelea kupepeta. Nilimtazama mpaka hasira zikanipanda.

"Mama, mbona huulizi kama alipona?"

Akaweka ungo chini. "Nilisikia yuko Mwanza, nikamfuata. Mwaka wa themanini na mbili. Ana mke mwingine, mtaa wa Pasiansi. Paulo mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango."

"Ukaacha tuitwe wezi?"

"Waliposema ameiba, walinionea huruma, Rebeka. Wangejua ameniacha, wangenicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita."

Ndipo akamwona babu nyuma yangu. Akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Najua walikunyima kazi."

"Kazi si kitu," alisema babu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Ungeniambia mimi tu, mwanangu. Ningenyamaza. Lakini ningejua kwamba mtoto wangu yu hai."