Mpaka wa Babu Romwaldi

Saa mbili asubuhi Kunegunda alikuwa nyuma ya nyumba yake, Majengo, amekaa kwenye kigoda akisugua kutu kwa msasa. Baiskeli ilikuwa imegeuzwa, magurudumu juu. Ilikuwa ya jeshi, nzito, kijani chini ya kutu, na babu yake Romwaldi alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Kwa baiskeli hiyo babu alizunguka pori la Mshangano siku nzima, na gurudumu lilipopita ndipo pakawa mpaka wa shamba lake. Vyote viwili, shamba na baiskeli, alimwachia mwanawe mkubwa Urbani, baba yake Kunegunda.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wake Urbani, aliyeitwa Leo, alikwenda ofisini akaandikisha kwamba kaka yake amekufa bila kuacha mtoto, akapewa cheti cha kifo. Shamba likawa lake. Urbani alipokwenda kueleza kwamba yu hai, karani alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwomba alete uthibitisho. Alikuwa bado anautafuta alipofariki kweli. Cheti kingine hakikutolewa, maana mtu hafi mara mbili. Ili amzike baba yake, Kunegunda alikwenda kuazima kile cha Leo.

Alikirudisha kesho yake. Leo alikikagua mbele na nyuma asije akawa amekichafua. Tangu hapo Kunegunda hakulia tena. Alianza kutafuta vipuri.

Fundi Bakili ndiye aliyemnyooshea rimu.

"Na breki, dada? Chuma hiki kikishika mteremko hakisimami."

"Najua," alisema Kunegunda. "Breki acha."

Asubuhi hiyo Kunegunda alipomaliza kufunga mnyororo akaisimamisha, nayo ikaondoka bila mtu juu yake. Ilikata kona dukani kwa Zulfa, ambaye alivuta ndani ndoo yake ya maharage, ikashika barabara ya Mshangano. Kunegunda alinawa mikono, akapanda bodaboda, akaifuata.

Aliikuta ikizunguka mpaka wa babu. Leo alikuwa amejenga juu ya mpaka huo, kwa hiyo ilipita ukuta wa sebule, ikaacha tundu la ukubwa wake, ikapita chumbani, ikatokea jikoni. Ikawa hivyo kila siku saa nne. Siku ya tano ilimkuta Leo ameinama anafunga kamba za viatu. Ilimvunja mguu, ikaendelea.

Kunegunda alikwenda kumjulia hali, na ndizi mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ungeitia breki, mwanangu."

"Nawe ungemsubiri baba afe."

Saa nne ikafika. Baiskeli ilipita katikati yao. Leo alivuta mguu wenye plasta, na mkewe Ekaristia akainua sinia la chai.

Baadaye wakaja wapimaji. Walipima alama ya tairi kwa siku mbili, wakaandika kwamba mpaka ni sahihi kabisa, na kwamba baiskeli isizuiwe kupita. Hati ilibaki ya Leo. Mtu pekee wa kuipinga, walieleza, alikuwa Urbani, naye kwa cheti alikuwa amekufa mapema mno, tena bila mtoto. Kunegunda alikuwa amesimama palepale, amewashikia ncha ya kamba ya kupimia.

Leo aliweka milango kwenye matundu na kukodisha vyumba. Wapangaji walielezwa saa ya kukaa pembeni. Mahindi aliyapanda hadi ukingoni mwa alama ya tairi, yakastawi.

Mwezi wa saba Ekaristia alifika Majengo kwa bajaji, akamletea Kunegunda gunia moja la mahindi, salamu za baba mdogo.

"Mama mdogo, mwambie nimeshukuru," alisema Kunegunda. "Mwambie pia mguu wa pili bado mzima."

Ekaristia alisema atamfikishia. Kisha akaomba mahindi yamwagwe kwenye beseni, maana kule shambani bado wanavuna, na magunia hayatoshi.