Kona Iliyobanwa

Mwosha vioo alikuwa na watoto watano. Wanne aliwazaa, wakakua, wakaisahau njia ya nyumbani. Wa tano alikaa katika jicho la kulia, lile pekee lililokuwa bado likiona, akanenepa, na huyo ndiye pekee aliyemfuata kila aendako. Daktari alimwita mtoto wa jicho. Mama mwenyewe hakumtaja kwa mtu, maana maabarani asiyeona haachiwi vioo, na vioo vilikuwa vimemlisha miaka thelathini.

Vyenyewe vilikuwa vidogo kama stempu. Bosi wake, Profesa, alivivika kitu kisichoonekana. Alichukua unga wa madini, akautia dawa, akauacha kwenye mashine ukitikisika wiki tatu mpaka ukabanduka ngozi ngozi kama kitunguu. Ngozi hizo zilielea juu ya maji, naye akakiinua kioo kutoka chini, polepole kuliko konokono, kikatoka kimevaa ngozi moja tu. Juu ya ngozi hiyo ndipo alipotaka kuotesha utando wake wa punje za fuwele.

"Ni kama fundi wa vigae," alimweleza siku moja. "Safu ya kwanza ikinyooka, zote zinafuata."

"Na isiponyooka?"

"Kila punje inatazama kwao."

"Kama wanangu," akasema mwosha vioo, na Profesa akacheka mpaka akakohoa. Wakati huo kikohozi bado kilikuwa cha mzaha.

Miaka kumi na moja wenzake walimwambia hilo haliwezekani. Sasa alikuwa hospitalini, mapafu yamechakaa, na chupa ya mwisho aliyoiandaa kwa mkono wake ilikuwa imevika vioo vitano. Kazi alimwachia msaidizi wake, mwanamke mwembamba waliyemwita Sindano. Sindano alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: jibu limfikie mzee akiwa hai.

Chumba kile kilikuwa na trei mbili. Vioo vya trei ya bluu ni vya kuosha, na vikishaoshwa hurudi humohumo. Vya trei ya kijani vimeshavikwa, haviguswi. Hapakuwa na alama nyingine, kwa sababu wino huchafua na ngozi haionekani hata kwa jicho la mwewe. Jumatatu mwosha vioo alichukua trei ya bluu. Akabana kila kioo konani kwa kibanio, akakisugua kwa pamba na sabuni, akakisuuza mara tatu, akakirudisha. Aliviosha vizuri. Hata adui yake angekiri.

Jumanne Sindano aliotesha utando juu ya vile vitano, na Jumatano mashine ya eksirei ilimaliza kuupima. Pale ulipotarajiwa mlima mmoja mrefu, dalili kwamba punje zote zinatazama upande mmoja, karatasi ilionyesha vichuguu vingi vifupi. Sindano alikaa chini.

"Imekataa, mama. Vyote vitano."

"Labda umechukua vioo vingine."

"Ni vya trei hii. Hii ya kijani." Akainyanyua.

Mwosha vioo akaitazama. Akaitazama na ile iliyobaki mezani. Zilikuwa pacha, rangi moja ya maji machafu. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Sindano akapiga simu hospitalini, sauti ikisikika chumba kizima, akaeleza kwamba vyote vimekataa. Upande wa pili pumzi zilikwaruza.

"Basi nilikosea," Profesa akasema. "Ni vizuri kujua. Nisalimie mwosha vioo, mwambie aache kuiba sabuni yangu."

Mwosha vioo angekuwa na roho ya kusema, angesema hapo. Lakini alifikiria kodi, akafikiria mlango wa maabara ukifungwa nyuma yake, akasema moyoni: kesho. Alhamisi nayo akaiita kesho. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema ni kifo cha nani.

Ijumaa alimkuta Sindano akivitia vile vitano kwenye ndoo ya taka.

"Ngoja, binti. Ni mimi niliyeviosha."

"Umeosha nini?"

"Hivyo. Trei zote naziona rangi moja. Jicho limeingia ukungu mwaka wa pili sasa."

Sindano hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane.

"Vyote?"

"Vyote. Ila nilivishika konani kwa kibanio. Pale chini ya kibanio sabuni haifiki, ngozi itakuwa imebaki. Ni uchafu wangu wa miaka yote, Profesa alikuwa akinisuta nao. Pima hapo."

Kona yenyewe haikuzidi punje ya mchele. Walipima saa nzima. Kisha kalamu ya mashine ikatambaa chini kabisa, ikatambaa, ikapanda mlima mmoja, mrefu, mwembamba, ikashuka na kutambaa tena. Hapakuwa na kichuguu hata kimoja.

Sindano akapiga simu. Muuguzi ndiye aliyepokea. Alisema mzee ameondoka alfajiri, kwa utulivu, na akauliza vitu vyake atachukua nani.

"Umechelewa siku mbili, mama," Sindano akasema.

"Siku mbili."

"Angecheka."

"Angenisuta kwanza."

Walichanganya unga mpya jioni hiyo, kwa kuwa kona moja haimshawishi mtu. Vioo akapewa mwingine. Mwosha vioo aliambiwa akae karibu na mashine ya kutikisa asikilize isizime, kazi isiyohitaji macho. Akakaa. Chupa ilitikisika kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mzee anayekataa kuambiwa kitu, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.