Choo cha Mahakama

Wanaume kumi na wawili, raia walioteuliwa kuwa waamuzi wa kesi, walikaa kumhukumu Idella, wakitafuna tumbaku na kutema mate kwenye kopo la bati miguuni pao. Idella alikuwa amempiga mumewe risasi. Mji wetu mzima, hapa Alabama, Marekani, miaka ile ya hamsini, ulijua jinsi bwana yule alivyokuwa akimtwanga; mimi jirani yake ndiye niliyekuwa nikimkanda uvimbe. Wakili alipofika kwenye habari za kipigo, mmoja wa wale waamuzi alipiga mwayo, akachokonoa meno.

Wakati wa mapumziko nikamwendea karani wa mahakama, Bwana Tarpley. Alikuwa akila kuku wa kukaanga, tuliowapika sisi akina mama wa kanisa kwa ajili ya watu wa mahakama, kama kawaida yetu kila kesi ikisikilizwa.

"Mbona hakuna mwanamke hata mmoja pale mbele kati ya waamuzi?"

"Ndiyo sheria, Mama Verna, waamuzi ni wanaume tu. Tena humu hamna choo cha wanawake. Mkibanwa mtakwenda wapi?" Akacheka, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Isitoshe, maneno ya humu machafu. Hayafai masikio ya mama kama wewe."

"Na Idella je? Si anayasikia tangu Jumatatu?"

"Aa, yule mshtakiwa bwana!"

"Akibanwa anakwenda wapi?"

Karani akaacha kutafuna. "Tumemwekea ndoo."

"Haya," nikamwambia, huku namnyang'anya sahani ya kuku. "Niwekeeni na mimi ndoo yangu, nikakae pale mbele na wale waamuzi."