Matone Matatu ya Vanishi

Katika karakana ile ya kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki, kila mtu alimwita Sindano, na jina lilimkaa. Alikuwa mwembamba, mkono wake mwepesi, na ulimi wake ulichoma. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa kwenye meza ya laini, wale nzi wadogo wanaofungwa kwa unyoya wa kware, ili wakizama mtoni unyoya ucheze na samaki aitwaye trauti adhani ni mdudu aliye hai. Kwenye laini hakuna aliyemfikia, naye hakuacha mtu asahau.

Jumatatu hiyo alimleta wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, aje kujaribu kazi. Siku nne za kufundishwa, kisha Ijumaa asubuhi nzi wake kumi wangepimwa. Akifaulu atapewa meza, atapanga chumba, atamchukua binti yake wa miaka saba wakakae peke yao. Akishindwa atarudi kwa wazazi wake, safari ya siku mbili, kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe hana pa kujinyoosha, sembuse na mtoto. Mtoto angebaki kwa shangazi yake, Sindano.

Na Sindano alimtaka yule mtoto. Tusizungushe maneno. Hakujaliwa kuzaa, mume alishakwenda zake, na tangu mjane na binti yake wahamie kwake, yeye ndiye aliyemsuka mtoto nywele na kumkagulia madaftari. Ulikuwa mwaka mmoja tu, lakini ulitosha kumfanya ajione mama. Kila wifi yake aliposema "tukipata chumba chetu," Sindano alimchukia upya.

Basi alifanyaje? Alimfundisha, tena kwa upole ambao mafundi wenzake hawakuwahi kuuona. Alimwonyesha kukaza ndoano kwenye kibano cha meza, kuvingirisha uzi wa hariri bila kuupandanisha, kuufunga unyoya kwa ncha na kuuzungusha mara mbili tu.

"Ya tatu ni uroho," alimwambia. "Unyoya ukiwa mwingi haupumui."

Mjane alikuwa na mkono. Kufikia Jumanne mchana Sindano alikwisha kuliona hilo. Mwanamke huyu angefaulu.

Ndipo wakafika kwenye vanishi. Kila nzi hutiwa vanishi kichwani ili uzi usifumuke: tone moja dogo kwa ncha ya pini, basi. Ikizidi, hupanda polepole ndani ya unyoya na kukauka humo. Jioni nzi huyo anang'aa kuliko wenzake wote. Asubuhi amekakamaa, hafai hata kumdanganya samaki kipofu.

"Matone matatu," Sindano alisema. "Hapa shingoni. Fundi mkuu akikuta uzi umelegea, umekwisha."

"Si mengi hayo, wifi? Naona yule mama pale anatia moja."

"Yule anafunga nzi wakubwa. Ya laini niulize mimi."

Mjane hakuuliza tena. Na angejuaje? Nzi wa mazoezi hawalazwi. Kila jioni huchanwa kwa wembe ili ndoano zitumike tena, na Sindano aliwachana kwa mkono wake mwenyewe, vanishi ikiwa bado mbichi. Mjane hakuwahi kumwona nzi wake akiwa mkavu. Siku zote hizo wifi yake alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: una macho wewe, una subira wewe, utanipokonya meza hii. Maskini, alicheka kwa furaha.

Alhamisi alifunga nzi wake kumi, wakaachwa kwenye trei wakauke. Ijumaa fundi mkuu alikuja na glasi ya maji, maana hakuamini kitu kingine chochote. Akamtosa wa kwanza. Unyoya haukufunguka wala kufumba; nzi alizama kama msumari. Wa pili hivyohivyo. Alipofika wa nne hakuwa na haja ya kuendelea.

"Nani kakufundisha vanishi hii?"

Mafundi wa meza zote wakageuka. Mjane alimtazama wifi yake. Sindano alikuwa ameinua unyoya dirishani, anaukagua.

"Nilifundishwa vizuri," mjane alisema taratibu. "Ni mimi sikushika."

"Sindano?"

"Nilimwambia tone moja," Sindano alijibu bila kugeuka. "Labda msiba bado unamchanganya."

 Mjane akaanza kutikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza kwa shaka, mara ya pili kwa uhakika, mpaka yeye mwenyewe akaamini kwamba aliambiwa moja.

"Nisamehe, wifi. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Si kitu. Kuna basi saa sita, nimeshakukatia tikiti. Usipite shuleni, utamliza mtoto bure. Mimi nitamweleza."

Mwenye akili zake angejiuliza tikiti ile ilikatwa lini. Mjane alishukuru, tena kwa mikono miwili.

Saa tisa Sindano alisimama kwenye lango la shule, amejipaka mafuta vizuri usoni. Mtoto alitoka, akamwona, akachungulia nyuma yake.

"Mama yuko wapi?"

"Amerudi kwa babu na bibi. Kazi imemshinda, mwanangu."

Mtoto alifikiri, begi likining'inia bega moja.

"Nani alikuwa anamfundisha?"

"Mimi."

"Basi hukumfundisha vizuri, shangazi."

Hakusema kwa ubaya. Sindano alikishika kile kiganja kidogo, wakaanza kutembea. Baada ya hatua chache mtoto alijaribu kukitoa, na yeye akazidi kukibana.