Hodi ya Nyumba ya Langoni

Kamati ya utalii ya mkoa haikutaka maneno mengi. Ili itoe fedha za kuugeuza mtaa mkongwe wa Muzeira kuwa nyumba za wageni, mjumbe wa baraza afike mwenyewe kwenye kila nyumba isiyo na mrithi, abishe hodi, kisha aje aape mbele yao kwamba haina mtu. Warithi wa nyumba nyingine zote walikwisha kubali. Ilibaki nyumba moja tu, ya langoni, ya marehemu Bibi Nadhira asiyeacha mrithi, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyochorwa kuwa mapokezi.

Mjumbe alikuwa Zuwaina binti Hamed, mwanamke wa ulimi mwepesi na ahadi nyepesi zaidi. Ahadi iliyomkaba koo ni ile aliyompa bintiye, Rayya: acha kuwatandikia watu vitanda huko Muscat, njoo utandike vya kwenu. Mtoto akamwamini mama yake, akaacha kazi, akarudi. Sasa alikuwa nyumbani akingoja, na kamati inakaa kesho.

Alasiri ilipopoa, Zuwaina alishuka mtaani na karani wa baraza, Ghusn, pamoja na Luay, mhandisi kijana kutoka mjini. Kuta za udongo zilikuwa zimelala chali. Kilichosikika ni maji ya falaji tu, yakipita kwenye mfereji wake kwenda mitendeni.

Watu wa Muzeira hawaingii nyumba kimyakimya, hata iwe gofu. Unabisha hodi, na mmoja wa wale uliofuatana nao anaitika kwa niaba ya mwenyewe aliyekufa, ili mwingie kama wageni, si kama wezi. Na ukishakaribishwa, basi. Mwenyeji ana haki yake juu yako, awe hai au awe mfu. Wazee wa huko husema mkana mwenyeji hana kwao, na husema hivyo bila kucheka.

"Haya, Ghusn, itika vizuri, usinitie aibu mbele ya mgeni," alisema Zuwaina.

"Mimi karani tu, mama mjumbe. Nikizidisha kuitika mtanidai kodi ya nyumba."

Luay akacheka, akainua chupa yake ya maji.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

"Karibuni," sauti ikaitika taratibu, ya kikongwe.

Zuwaina akasukuma mlango huku akitabasamu. "Mashallah, Ghusn! Bibi kizee mtupu!"

"Sijafungua mdomo bado," alisema Ghusn. "Nilidhani ni mhandisi."

Luay alikuwa bado na chupa mdomoni. Akaishusha polepole, akatikisa kichwa.

Ndani vumbi lilijaa mpaka kwenye vidaka vya ukutani. Lakini katikati ya chumba palitandikwa mkeka, na juu yake sinia, tende, birika la kahawa, na kikombe kimoja. Iliki ilinukia chumba kizima.

"Mama, tutoke," alisema Ghusn kutoka kizingitini. Alikuwa hajavuka.

"Utoke wapi, mwanamume mzima? Ni vijana hawa, wanajificha humu kuvuta sigara." Zuwaina aliogopa, nao woga ukamtia ukaidi. Akachukua kikombe kilichokwisha kumiminwa, akakinywa chote mbele yao. Kilikuwa cha moto. Akakirudisha kwenye sinia, akapangusa mikono.

"Hukukitikisa," alisema Ghusn kwa sauti ndogo.

Kikombe kisichotikiswa humaanisha mgeni hajatosheka, aongezwe. Zuwaina alilijua hilo tangu utotoni. Alipogeuka mlangoni kukitazama, kilikuwa kimejaa tena.

Walitoka haraka mpaka barabarani. Ndipo Ghusn akamshika mkono. "Kesho sema kweli, dada yangu. Sema tumeitikiwa."

"Niwaambie nimekaribishwa na maiti? Watanicheka mpaka na mbuzi wao. Fedha ziende wilaya ya jirani, Rayya wangu arudi kwenye vitanda vya watu?"

"Basi omba muda."

"Wewe omba. Mimi nina mtoto nyumbani."

Asubuhi mwenyekiti wa kamati alimuuliza kwa mazoea tu, jicho kwenye saa yake. "Ulibisha hodi?"

"Nilibisha."

"Nani aliitika?"

Ghusn alikuwa akitazama viatu vyake. Zuwaina alimeza mate, na mate yalikuwa na ladha ya iliki.

"Hakuna. Wallahi, nyumba haina mtu."

Wakapiga makofi, fedha zikapita. Ukumbini alimwita Ghusn, Ghusn akapita zake bila hata kugeuza shingo. Amenuna, alijiambia, yatamwisha. Mwenyekiti naye alimpita, akamwacha na mkono wake umenyooshwa hewani. Hilo lilimuuma kidogo, lakini furaha ilikuwa nyingi, akaenda kwake karibu mbio.

Mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha kwa madaha, kama mgeni wa harusi.

"Hodi!"

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya Rayya, na miguu yake ikikimbia. Mlango ukafunguka. Mtoto alisimama pale na unga mikononi, karibu kiasi cha kukumbatiwa, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Nani, Rayya?" baba yake aliuliza kutoka ndani. "Mama yako?"

"Hakuna mtu, baba."

"Rayya! Mwanangu, ni mimi! Tumepata!"

Rayya aliushika mlango, akaufunga taratibu asiuchafue kwa unga.

Zuwaina alipiga mbao kwa ngumi zote mbili, na mbao hazikutoa sauti. "Hodi!" alilia. Ndani waliendelea kuzungumza habari za chakula, na kwamba mama leo amechelewa. "Hodi wenyewe!"

Ndipo nyuma yake, kutoka upande wa mtaa mkongwe, sauti ya kikongwe ikamwitikia, taratibu, bila hasira yoyote.

"Karibu, mwanangu. Kahawa yako inapoa."