Theluji kwenye Utepe Wangu

Siku ile iliniudhi tangu asubuhi, hata alasiri usingizi ukanikamata kichwa kikiwa juu ya meza, kando ya kompyuta yangu kuukuu. Umeme ulikuwa umekatika. Jioni nilitakiwa kughani utenzi wa arusi ya dada yetu Mwanaisha, na ubeti wa mwisho ulikuwa umegoma kuja. Utenzi wote ulikuwa wazi kwenye skrini bila kuhifadhiwa, maana nilijiapiza kwamba malenga hahifadhi kazi isiyokamilika. Nilipokwama nikaenda kuupamba utepe wa juu ya skrini, ule ukanda mwembamba unaoonyesha saa na chaji. Programu yake ni nyepesi, haina makuu: unaiandikia mipangilio mstari kwa mstari, nayo huonyesha ulichoandika tu. Lakini mimi sikuandika. Nilinakili mtandaoni mipangilio ya mtu nisiyemjua, nikaibandika yote bila kuisoma. Mara utepe ukajaa theluji ya mji wa mbali, bei za sarafu za ajabu na vipicha vinavyorukaruka. Chaji ikasukumwa nje ya skrini, na mashine ikaanza kutambaa. Kaka yangu Shekue akachungulia, akacheka. "Hilo ni jeneza lenye kibodi, malenga. Nikirudi nampelekea fundi alikate vipuri. Na huko arusini utatughania nini, theluji?" Nikalala na hasira zangu.

Nikajiona nimesimama katika nchi ndefu isiyo na upana, imening'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Chini yake lilitanda bonde jeupe, na bondeni beti zangu zilisimama safu kwa safu, kila ubeti umeshika taa, zikinitazama. Theluji ilinidondokea shingoni, mimi niliyezaliwa Pangani. Mama mmoja aliyejifunga kanga isiyo na doa akanishika mkono. "Naitwa Kiasi," alisema. "Nchi hii ni yako, mwanangu, ila waliomo hukuwaalika wewe. Tembea, uwaone." Tukapenya katikati ya umati. Pambo alikuwa akijipaka rangi juu ya rangi. Kelele alipiga debe na kutangaza bei ambazo hakuna aliyemuuliza. Na katikati, kitini pangu, alikaa Uigaji, amevaa joho la viraka vya nguo za watu.

"Kijana wetu huyo," alisema Uigaji, akinipisha nusu ya kiti. "Kaa. Utepe wako sasa unafanana na wa wakubwa. Bila sisi ungekuwa nani?"

"Ningekuwa mimi."

"Wewe?" Akamgeukia Pambo, wakacheka. "Wewe na saa yako moja?"

Ndipo nikamwona msichana mwembamba ananing'inia ukingoni kwa vidole, midomo ikimchezacheza, sauti yake imezama ndani ya debe la Kelele. Nikamuuliza Kiasi ni nani yule. "Tahadhari," alijibu. "Yeye peke yake ndiye mwenyeji hapa. Uliwaachia wageni wakamtoa nje. Litazame bonde lako." Nikatazama. Taa za beti zilikuwa zikizimika, safu moja baada ya nyingine, na giza lilipanda kuelekea ubeti wa kwanza, ule wenye jina la dada yangu. Damu ikanichemka. Nikalishika joho la Uigaji, nikamwinua kitini pangu, nikawaghania wote:

*Utepe huu ni wangu,*
*japo mwembamba, wenzangu;*
*sikodishi paa langu*
*kwa theluji isokuja.*

Kila mshororo ulipotoka mdomoni mwangu, mmoja wao alifutika: kwanza Kelele, kisha Pambo, kisha theluji. Uigaji alibaki, ananing'ang'ania mkono. "Na kile kiapo chako," alininong'oneza, "unadhani ulikipata wapi?" Nikampangusa. Tahadhari akapanda, akasimama wima, na sauti yake ikanifikia: "Amka, waya uko sakafuni."

Niliamka. Feni ilikuwa inazunguka. Umeme umerudi, na waya ulikuwa sakafuni kweli. Nikauchomeka, kisha nikafuta mistari yote ya yule mtu, nikaandika miwili yangu: saa na chaji. Chaji ikajitokeza pale juu, nyekundu, asilimia tatu. Hapo nikaelewa swali la Uigaji. Hata kiapo cha kutohifadhi nilikinakili kwa malenga niliotamani kufanana nao. Mimi, niliyewacheka wanaoiba mishororo! Nikauhifadhi utenzi vilevile, bila ubeti wa mwisho, na sikuona haya.

Shekue akaingia na mfuko wa kubebea mashine. Akaitazama skrini. "Mbona utepe umeuacha uchi hivyo?"

"Hauko uchi, kaka. Una nilichokiita mimi. Weka mfuko chini, ukae usikilize. Umebaki ubeti mmoja, na huo nautunga mbele yako."

Akakaa.