Hotuba Isiyomtaja Tumpe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kurudia hotuba. Wiki tatu zimepita tangu nimwoze Tumpe, binti yangu wa pekee, na nilidhani ukumbi ule umeshafagiwa. Kumbe walikuwa bado wamekaa. Wageni walewale, nguo zilezile, soda zimeisha gesi, na Tumpe mbele amevaa shela, mchana kweupe.

"Umechelewa, Mwalimu," kipaza sauti kikaniambia. "Ile ya kwanza haikupokelewa."

"Haikupokelewa vipi? Watu walipiga makofi."

"Walipiga kwa sababu ulimaliza."

Sikubishana nacho. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Kazi mbovu naijua, hata ikiwa yangu.

Pembeni fundi cherehani alikuwa ameitandaza hotuba yangu sakafuni, anaipima kwa futi. "Shukrani kwa kamati, mita kumi na mbili," akasoma. "Nasaha za kuvumiliana, mita nne. Bibi harusi..." Akageuza futi, akainama tena. "Bibi harusi hayumo."

Nikaanza upya. Nafungua mdomo, maneno yanatoka yamevaa suti. Shukrani anatoka na tai shingoni. Nasaha anatoka na miwani. Mwisho anatoka Itifaki, bwana mnene, anakwenda moja kwa moja meza kuu.

"Nimezingatiwa?" ananiuliza.

"Umezingatiwa," namjibu. Analala palepale, shavu juu ya keki.

"Kanuni inasema hotuba iguse moyo," kipaza sauti kinasema. "Haya, waende wakauguse."

Moyo wa Tumpe uko mezani, kwenye kisahani, umefunikwa kawa. Maneno yangu yanatazamana. Hakuna anayeinuka.

"Mzee, utuwie radhi," Nasaha akasema, akifuta miwani. "Sisi huyu binti hatumfahamu. Tumeshasemwa kwenye harusi nyingi mno."

Hapo kitu kikanichoma ubavuni. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitana chekundu cha marehemu mke wangu, Subilaga, kile kilichong'oka meno mawili.

"Mwambie wewe ndiye uliyekuwa ukimsuka," kitana kikasema.

"Mbele ya wakwe?" nikanong'ona. "Mwanamume mzima?"

Ndilo lililonifunga mdomo siku ile. Neno la kumsuka nilikuwa nimeliandika kabisa kwenye karatasi. Asubuhi ya harusi nikalikata kwa kalamu nyekundu, nikiogopa kuchekwa, na mahali pake nikaweka shukrani kwa wapambaji. Najuta. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amefika kabla Tumpe hajanipa mjukuu wa kweli.

Ukumbi sasa ni uwani kwangu. Nimekaa kwenye kigoda. Tumpe ana miaka tisa, amekaa chini katikati ya magoti yangu, na mama yake ana mwezi mmoja kaburini. Mtindo ninaoujua ni mmoja tu, twende kilioni, ile mistari michache ya kurudi nyuma inayosukwa harakaharaka. Upande wa kulia unakubali. Wa kushoto unapinda na kubana, kila siku, hata nifanyeje.

"Unaumia?" namuuliza.

"Siumii, Baba. Kaza tu." Machozi yanamdondokea magotini.

Alikwenda shule hivyo mwaka mzima. Wenzake walipomcheka aliwaambia ndio mtindo anaoupenda kuliko yote. Nililisikia hilo kwa mwalimu wa darasa lake, nikaenda kusimama nyuma ya stoo ya shule mpaka macho yakakauka.

"Hiyo ndiyo hotuba," kitana kikasema. "Dakika mbili tu, na kawa lingejifunua lenyewe."

Namimina mafuta ya nazi kiganjani, nasuka, na huku nasema kwa sauti kubwa ili wageni wasikie. "Ndugu zangu, mama yake alipofariki..."

"Muda umekwisha," kipaza sauti kikanikatiza. "Chakula tayari."

Uwani kumejaa watu wenye sahani. Tumpe akainuka kutoka magotini pangu, mtu mzima, shela begani, kichwa kimesukwa upande wa kushoto tu.

"Nilikusubiri useme, Baba," akasema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata nafuu. Akaenda kupanga foleni ya pilau na wenzake.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilipotaka kujifuta uso, vidole vikateleza. Nikavinusa: mafuta ya nazi. Nyumbani kwangu hamna chupa ya mafuta ya nazi tangu Tumpe aende sekondari ya bweni.

Simu ikaita. Ni yeye, kutoka Tabora alikoolewa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Wakwe hawajambo?"

"Hawajambo. Mimi tu, nimeamka kichwa kinanibana. Upande wa kushoto."

Nikavitazama vidole vyangu. Maneno yote yalikuwa mdomoni, hata moja halijavaa suti, na bado lililotoka ni lile la zamani.

"Unaumia?" nikauliza.

Nikasikia anavuta pumzi.

"Siumii, Baba," akasema. "Kaza tu."